Jina Langu Si Kosa la Kompyuta

Ilikuwa saa mbili usiku, niko saiba moja Kawangware, karibu na stage ya 46. Siku ya mwisho ya kutuma maombi ya basari. Nyuma yangu kuna foleni ya watu wanne, na mvua inapiga mabati mpaka unaongea kwa kupiga kelele. Nikajaza fomu yote, nikaskani vyeti, nikabonyeza kutuma. Mfumo ukanirudishia mstari mwekundu kwa Kizungu: jina lako lina herufi zisizoruhusiwa.

Jina langu la ukoo ni Ndung'u. Si jina la ajabu. Ukisimama hapo Kongo uite "Ndung'u!" kwa sauti, watu kama saba watageuka, na mmoja ni makanga.

Jamaa wa saiba hata hakushtuka. Akaniambia, "Boss, toa hiyo kitu ya katikati. Andika Ndungu tu. Kila mtu huandika hivyo." Nikatoa. Mfumo ukakubali. Halafu nikashuka kwa sehemu ya kaunti, ile unachagua kwa orodha, nikachagua kwetu: Murang'a. Na ritifaa yake pale katikati, imekaa vizuri kama imezaliwa hapo. Mfumo haukusema kitu.

Yaani kwa fomu moja, ukurasa mmoja, kaunti ya babu yangu inaruhusiwa kuwa na ritifaa lakini mimi mjukuu wake siruhusiwi.

Nilicheka. Miezi miwili baadaye nikaacha kucheka, kwa sababu maombi yalikataliwa. Sababu: jina kwa fomu halifanani na jina kwa cheti cha mtihani. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema NDUNG'U. Karatasi yangu ya matokeo inasema NDUNG U, na nafasi katikati, kana kwamba mimi ni watu wawili. Fomu ilisema NDUNGU. Majina matatu, mtu mmoja, basari sufuri.

Hii post si ya kulia. Ile pesa imeenda, na mwaka uliofuata nilipata njia nyingine. Nataka tuongee kuhusu kitu ambacho nimekuja kukielewa baadaye, nikisomea mambo ya kompyuta: kwamba hii shida ina jina, ina historia, ina dawa, na dawa yenyewe iliandikwa kabla ya wengi wetu kumaliza nasari. Tunasumbuliwa na uvivu wa mtu.

Hii si story ya kabila moja

Kuna mtu tayari anaandika kwa comments "hiyo ni shida ya Wakikuyu." Tulia. Beshte yangu wa Kibera, wa Gatwekera, jina lake la ukoo ni Ong'ayo. Tulikutana kwa foleni ya wakili, sote tunatafuta hati ya kiapo ya kusema kwamba sisi ndio sisi. Yeye alikuwa na toleo la nne ambalo mimi sikuwa nalo: cheti cha kozi fulani kilichochapishwa ONG&#39;AYO. Kimepigwa muhuri, kimesainiwa, kiko na ile karatasi ya kung'aa. Mtu alikiangalia, akaona hapo kuna nambari na alama ya "na" katikati ya jina la binadamu, akasema sawa, akasaini.

Sasa hesabu na mimi. Waluo wako na Nyong'o na Ong'ayo. Wakisii wako na Nyang'au na Ong'era. Wakalenjin wako na Lang'at, Ng'eno na Kipng'etich. Wakikuyu wako na Ng'ang'a, Ndung'u na Wang'ombe. Pwani kuna Mung'aro. Ukitoka Kibera ukavuka barabara unaingia Lang'ata, na hata hapo utaona vibao vingine vimeandikwa Langata na vingine Lang'ata. Hii ni moja ya vitu vichache Kenya ambavyo vinatuunganisha bila siasa.

Na kama hujawahi kufikiria, ng' si pambo. Mwalimu wa Kiswahili alikufundisha darasa la kwanza: ng' na ng ni sauti mbili tofauti. Ng'oa ni kutoa kitu na mizizi yake. Ngoa ni wivu, ni tamaa. Ng'ara ni kumetameta. Ngara ni ule mtaa wa kuelekea Pangani. Ukitoa ritifaa umebadilisha neno, si kwamba umelipunguza tu uzito. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, iko kwa Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010. Halafu unajenga mfumo wa kuhudumia wananchi wa Kenya, na mfumo huo hauwezi kuandika ng'ombe. Hebu fikiria Mfaransa akitengenezewa mfumo usioweza kuandika é, aambiwe azoee. Paris hapangelalika.

Na tukiwa kwa Katiba, fungua Jedwali la Kwanza, pale kaunti 47 zimeorodheshwa. Nambari 6 ni Taita/Taveta, na mkwaju. Nambari 13 ni Tharaka-Nithi, na kistari. Nambari 21 ni Murang'a, na ritifaa. Nambari 28 ni Elgeyo/Marakwet, mkwaju tena. Sheria kuu ya nchi imejaa zile zinazoitwa "herufi zisizoruhusiwa." Nani aliwapa ruhusa ya kuzikataza?

Kwa nini kompyuta huogopa alama

Sasa tuingie jikoni. Nitaeleza polepole, na kama wewe ni fundi wa haya mambo vumilia, kuna mtu anasoma hii akiwa kwa mat.

Fikiria uko kwa mat ya 46. Kuna neno moja ambalo lina nguvu mle ndani: "Shukisha." Ukisema hilo neno, dereva anasimama. Sasa siku moja anapanda msee ambaye jina lake, kwa kweli, ni Shukisha. Mathe wake ndio alimpa. Makanga anamwita, "Shukisha, lete fare." Dereva anapiga breki katikati ya barabara. Makanga anaita tena, dereva anasimama tena. Gari haifiki.

Una njia mbili. Njia ya kwanza: unatangaza kwamba watu wanaoitwa Shukisha hawapandi gari hii tena, au wakipanda wajiite Shuki. Njia ya pili: unakubaliana na dereva alama. Makanga akigonga bodi kabla ya kusema hilo neno, dereva ajue hiyo ni jina, si amri. Gari inaenda, Shukisha anafika kazini, kila mtu anaishi.

Hiyo alama ya kugonga bodi ndiyo mafundi huita kueskepu. Unaikinga herufi ili isichukuliwe kama amri. Kila mfumo wa kompyuta una maneno yake ya "shukisha": alama chache ambazo zina kazi maalum. Shida inaanza pale alama hiyo hiyo inapotokea ndani ya jina la mtu.

Kwa hifadhidata nyingi zinazotumia lugha ya SQL, ritifaa ndiyo inafungua na kufunga maandishi. Kwa hiyo fundi mvivu akiandika tafuta jina = 'Ndung'u', kompyuta inasoma 'Ndung', inaona maandishi yamefungwa, halafu inakutana na u' imesimama peke yake kama mtoto aliyeachwa stage. Inachanganyikiwa. Dawa yake ni ya miaka mingi: ama unaandika ritifaa mara mbili, 'Ndung''u', ama, na hii ndiyo njia safi, unatenga amri na jina kabisa, unatuma amri kivyake na jina kivyake, ili jina lisiweze kuwa amri hata likitaka.

Na hapa nikubali kitu kimoja. Woga wa mafundi una msingi. Kuna wezi wanaotumia huu mwanya makusudi: anaandika kwa sehemu ya jina kitu ambacho si jina, ni amri ya kufuta ama kuonyesha data ya watu wote. Kwa hiyo bosi fulani akasikia kwamba ritifaa ni hatari, akasema, "Kataza ritifaa." Kazi ikaisha, watu wakaenda lunch. Lakini hiyo ni kama kusema wezi huingia kwa mlango, kwa hivyo nyumba zijengwe bila milango. Na mwizi mwenyewe hata humzuii hivyo, ana alama nyingine kumi. Umezuia tu Ong'ayo.

Saraka: pale nilipogundua tumedanganywa

Kilichonifanya niandike hii post ni attachment. Niliwekwa kwa ofisi moja, kazi yangu kusaidia kuingiza wafanyakazi kwa saraka. Saraka ni ile daftari kubwa ya kompyuta za ofisi: nani ni nani, yuko idara gani, paswadi yake inafungua milango gani. Asubuhi ukiweka jina na paswadi kwa kompyuta ya kazi ama ya chuo, mara nyingi kuna saraka huko nyuma inaulizwa, "Huyu tunamjua?"

Lugha ambayo saraka nyingi zinaongea inaitwa LDAP. Imekuwepo tangu 1993. Active Directory ya Microsoft, ambayo ilikuja na Windows 2000, inaongea hiyo lugha pia. Kila mtu kwa saraka ana jina refu la kumtofautisha, linaandikwa kama anwani, kuanzia mtu kwenda kwa nyumba kwenda kwa mtaa. Kitu kama:

CN=Brayo Ndung'u,OU=Wanafunzi,DC=chuo,DC=example

CN ni jina lake, OU ni kikundi chake, DC ni sehemu za jina la mtandao. Koma ndiyo inatenganisha. Kwa hiyo ukiwa na tabia ya kuandika jina la ukoo kwanza, "Ndung'u, Brayo", saraka inaona koma inadhani jina limeisha. Ndio maana unaandika:

CN=Ndung'u\, Brayo,OU=Wanafunzi,DC=chuo,DC=example

Ule mstari unaolala kinyumenyume, baksilashi, ndio kugonga bodi. Unaambia saraka: hii koma ni ya jina, si ya kutenganisha.

Siku ya kwanza nilikuwa na uhakika jina langu litanishinda hapo. Nikaona bora nisome sheria yenyewe. Hiyo sheria ni hati inayoitwa RFC 4514, ya Juni 2006, na sehemu inayohusu alama ni fupi, unaimaliza kabla chai ipoe. Inataja alama zinazohitaji kukingwa zikiwa ndani ya jina: koma, alama ya kujumlisha, alama za kunukuu zile mbili-mbili, baksilashi yenyewe, < na >, na nukta-mkato. Alama ya reli, #, inakingwa ikiwa mwanzoni. Nafasi tupu inakingwa ikiwa mwanzoni au mwishoni. Na ile herufi ya sufuri isiyoonekana. Basi.

Kwa hiyo ukiwa na kikundi kinaitwa Kinyozi + Salon, unaandika Kinyozi \+ Salon, kwa sababu + kwa saraka inaunganisha vitu viwili. Ukiwa na kikundi kinaitwa #46, unaandika \#46. Na unapotafuta mtu kwa saraka kuna orodha nyingine, RFC 4515, fupi zaidi: kinyota, mabano mawili, baksilashi, na ile sufuri. Kinyota kinakingwa kwa sababu kwa kutafuta kinamaanisha "yeyote yule", na hutaki mtu aandike kinyota kwa sehemu ya jina aletewe ofisi nzima.

Nikasoma orodha zote mbili mara tatu. Nikitafuta ritifaa.

Haimo.

Wasee, ritifaa haimo. Kwa sheria ya majina ya saraka, Ndung'u haihitaji hata kukingwa. Inaingia ilivyo, kama Otieno, kama Wafula. Hata kwa baruapepe, ritifaa inaruhusiwa kabla ya alama ya @ kulingana na sheria za mtandao zenyewe. Niliandika jina langu kwa saraka ya majaribio, nikabonyeza, ikakubali mara ya kwanza. Nilikaa hapo nikiangalia hiyo skrini, na mzee wa seva aliyekuwa ananifunza akaniuliza kama niko sawa.

Miaka yote nimeambiwa kompyuta haiwezi. Kumbe kompyuta haikuwahi kulalamika. Ni mtu mahali fulani aliandika mstari mmoja wa kusema A mpaka Z peke yake, kwa sababu yeye jina lake linaingia hapo.

Na usifikiri sheria hizo zinajua Kizungu pekee. Ndani ya RFC 4514 kuna mfano wa jina la kutoka Ulaya Mashariki, Lučić, lenye herufi zisizo za Kizungu, na wanaonyesha jinsi ya kuliandika kwa misimbo ikibidi. Kwa njia hiyo hiyo jina Ngũgĩ linaweza kuandikwa Ng\C5\A9g\C4\A9. Linatisha ukiliangalia, lakini hilo ni la kompyuta kusoma; binadamu anaona Ngũgĩ, na vimkia vyake juu.

Nimetaja Ngũgĩ makusudi. Ngũgĩ wa Thiong'o alizaliwa 1938, akafariki Mei 2025, na vitabu vyake vya kwanza vilitoka kwa jina la James Ngugi. Aliliacha hilo jina yeye mwenyewe, akaamua aitwe vile kwao wanaita. Jina lake lina kila kitu mifumo yetu inaogopa: ũ, ĩ, na ng' na ritifaa yake. Mtu alipambana maisha yake yote kuhusu lugha na majina, halafu sisi tunajenga fomu ambayo ingemrudisha kuwa "Ngugi Wa Thiongo" kwa sekunde moja.

"Si uandike tu Ndungu?"

Hili swali naulizwa sana, hata na mathe. "Wewe andika Ndungu, uendelee na maisha." Namheshimu, lakini hapana, na si kwa sababu ya kiburi.

Moja, hakuna mtu mmoja anayeamua ritifaa inaondolewaje. Mfumo huu unaitoa. Ule unaweka nafasi. Mwingine unaweka ile alama ya `. Mwingine unaiacha. Kwa hivyo huna jina moja lililofupishwa, una majina manne yanayozunguka, na kila ofisi inaapa yake ndiyo sahihi. Mtu anayeitwa Kevin Otieno hajawahi kulipia hati ya kiapo kuthibitisha yeye ni Kevin Otieno.

Mbili, anayelipa ni yule hana. Mtoto wa watu wenye pesa jina likigongana, wakili wa familia anapiga simu. Wa Kibera anaenda kwa chifu, anarudishwa, anaenda kwa wakili, anapanda mat, anakosa siku ya kibarua, na mwisho wa siku siku ya mwisho imepita. Fundi aliokoa dakika kumi za kazi. Sisi tukalipa kwa wiki.

Tatu, tunajua mtaa huu majina na karatasi si mzaha. Wanubi wa Kibera, watu ambao walikuwa hapa kabla ya wengi wetu, wamepigana miaka kuhusu vitambulisho, mpaka mahakamani; kesi ya Nubian Rights Forum kuhusu Huduma Namba iliamuliwa Januari 2020. Shida yao ni kubwa kuliko ritifaa, siwezi kuzilinganisha. Lakini inatufunza kitu kimoja: vile mfumo unavyokuandika ndivyo unavyokuhudumia, na ukikuandika vibaya ni wewe unazungushwa, si mfumo. Hata jina la hapa penyewe, mtaani tunasema Kibera, eneo bunge ni Kibra. Fikiria tafuta-tafuta ya kompyuta isiyojua hizo ni mahali pamoja.

Na sisi pia tuna makosa

Ili nisionekane nalaumu mafundi peke yao, kuna kitu tunafanya. Simu nyingi ukiandika ritifaa zinakubadilishia bila kukuuliza. Badala ya ile iliyonyooka, ', zinaweka ile iliyopinda, ’. Kwako ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti kabisa, kama vile O na sufuri. Ukijisajili kwa simu na ile iliyopinda, halafu ukatafutwa kwa kompyuta ya ofisi na ile iliyonyooka, hupatikani. "Hauko kwa system." Uko, lakini umevaa kofia nyingine.

Na ukiwahi kuona jina limeandikwa Ndungâ€™u, hiyo ni ritifaa iliyopinda imesomwa na mfumo uliodhani ni herufi za zamani. Ukiona NDUNG\'U, kuna mtu alikinga herufi mara mbili ama akasahau kutoa kinga. Ukiona &#39; kama ya Ong'ayo, hiyo ilikingwa kwa ajili ya ukurasa wa mtandao, halafu ikahifadhiwa hivyo hivyo mpaka ikafika kwa cheti. Yaani makanga aligonga bodi, halafu akaandika "kon-kon" kwa risiti.

Kwa hiyo, nikiwa nimesimama kwa hiki kijiwe changu kidogo, naomba hivi.

Kwa wanaojenga mifumo: kubalini jina lilivyo. Hifadhini jina lilivyo. Ikingeni pale tu linapoenda, kwa sheria ya mahali linapoenda: ya SQL ni yake, ya saraka ni yake, ya ukurasa wa mtandao ni yake. Msiandike kinga kwa mkono. Kila lugha ya kompyuta inayojiheshimu ina zana za kufanya hiyo kazi tayari. Unapotafuta, hesabu ritifaa iliyonyooka na iliyopinda kuwa moja. Na kabla hujasema mfumo umekamilika, jaribu majina matatu: Ng'ang'a, Ngũgĩ, Kipng'etich. Ukianguka hapo, hujajenga mfumo wa Kenya.

Kwa wanaonunua mifumo, zile ofisi zinazosaini mikataba: wekeni hilo jaribio kwa mkataba. Msipokee kazi ambayo haiwezi kuandika kaunti nambari 21 kwa sehemu ya jina la mtu.

Kwetu sisi: andika jina lako kwa njia moja kila mahali, ile ya cheti cha kuzaliwa. Zima ile mambo ya simu kupindisha alama, iko kwa settings za kibodi. Mfumo ukikataa jina lako, piga picha ya skrini, tarehe ionekane. Na usiombe marekebisho kama unaomba msaada. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kusahihishiwa habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazokuhusu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inarudia hiyo haki, na kuna Ofisi ya Kamishna wa Data inayopokea malalamishi. Andika barua. Taja hivyo vifungu kwa heshima. Utashangaa vile sauti ya mtu wa kaunta hubadilika.

Mimi nilifanya hivyo mwaka huu kwa ile karatasi iliyonigawanya watu wawili. Imechukua barua mbili na ziara tatu. Wiki iliyopita nilipigiwa simu nikaichukue. Yule madam wa kaunta alinipatia, akaniambia, "Angalia jina kabla hujatoka." Nikaangalia. N, D, U, N, G, ritifaa, U.

Nikapanda 46 nikarudi mtaa.

Ong'ayo bado anangoja yake. Kama jina lako limewahi kukatwa, kugawanywa ama kuwekewa nambari katikati, liandike hapo chini vile mama yako alivyoliandika, na vile mfumo ulivyoliandika, moja kando ya lingine. Nataka kuziona zikiwa pamoja. Na kama wewe ndio fundi uliandika ule mstari wa A mpaka Z, hakuna vita. Rudi tu uufute.